Kofia, viganja, magoti: mwongozo kamili wa kuchagua vifaa vya kujikinga kwa wacheza skeiti na baiskeli Tanga

Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani. Ardhi ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka, na mtu anaweza kwenda sokoni, kazini na baharini bila kupanda kilima cha maana. Vijana wa sasa hawaishii kuendesha tu. Wanainua tairi la mbele, wanaruka ngazi, wanateleza juu ya mabomba ya chuma, na wengine wamehamia kwenye skeiti, yaani viatu vya matairi. Mchezo ni mzuri na unajenga mwili. Kinachoharibika ni utaratibu wa kununua: skeiti au baiskeli inanunuliwa kwanza, fedha inaisha, kofia inasubiri mwezi ujao. Wiki hizo za kusubiri ndizo wiki ambazo mgeni wa mchezo huanguka kuliko wakati mwingine wowote.

Maelezo haya yanafuata mwili kuanzia kichwani. Kuna kigezo kimoja utakachokikuta kila mahali: kifaa kinachohama mahali pake hakikingi. Pedi ya bei kubwa iliyoteleza hadi kwenye ugoko wakati goti linafika kwenye lami haina tofauti na kutovaa kitu. Kwa hiyo angalia kwanza kama kinakukaa, kisha lebo inasema nini, na rangi iwe ya mwisho kabisa.

Jua unavyoanguka

Anayejifunza skeiti huanguka mbele. Mikono inatangulia bila yeye kuamua, magoti yanafuata. Akianza kujifunza kurudi kinyumenyume au kusimama ghafla, anaanguka nyuma: anakalia kifandugu, kisha kisogo kinapiga chini. Anayeruka ngazi au kuteleza juu ya bomba huangukia ubavu, na nyonga, kiwiko na bega ndivyo vinavyopokea. Mwenye baiskeli ana mambo yake. Mikono imeshika usukani, haiwahi kutoka, hivyo bega na mtulinga vinapigwa, meno yanagonga usukani, na pedeli inazunguka na kurudi kwenye ugoko.

Seti ya kuanzia ya skeiti ni vitu vinne: kofia, vikinga viganja, pedi za magoti na pedi za viwiko. Fedha ikiwa ndogo, nunua kwa utaratibu huohuo, kimoja baada ya kingine. Kwa baiskeli anza na kofia, glavu zinazofunika vidole vyote, pedi za magoti, kinga za ugoko, na viatu vya kufunga vyenye soli bapa ya mpira. Ndala hazina nafasi kwenye pedeli. Ukitenga fedha ya vifaa, katika kila shilingi 10 acha 4 ziende kichwani. Na kama una kofia peke yake kwa sasa, cheza mwendo mdogo kwenye sakafu laini, ngazi na mabomba yasubiri.

Kichwa

Kichwa kikianguka kutoka urefu wa mita 1.5 kinafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 19.5 kwa saa, hata kama skeiti zilikuwa zimesimama tuli. Kwenye saruji, bila kofia, kinasimama ndani ya milimita chache. Tukichukua milimita 2, nguvu ya kusimama inakuwa takriban mara 750 ya uzito wa kichwa chenyewe. Weka kati yake povu linalobonyea milimita 15 na hesabu inashuka hadi karibu mara 100. Kazi ya kofia ni hizo milimita 13 za ziada. Gamba la nje linasambaza pigo na kuzuia ncha ya jiwe, lakini kinachouokoa ubongo ni lile povu jeupe gumu la ndani, la aina inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni mpya. Linapondeka ili ubongo usipondeke, na likishapondeka halirudi. Ndiyo maana kofia ya namna hii ni ya pigo moja kubwa tu.

Geuza kofia usome lebo ya ndani. Kiwango cha Ulaya kwa baiskeli, skeiti na ubao wa matairi ni EN 1078. Katika majaribio yake kofia huangushwa juu ya chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka mita 1.5, na kipimo kilicho ndani ya kichwa cha bandia kisizidi mara 250 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kiwango cha Marekani kwa kofia za baiskeli ni CPSC, kinachozihusu zilizotengenezwa baada ya Machi 10, 1999. Hicho huangusha kwa mita 6.2 kwa sekunde, na ukomo wake ni mara 300. Utakutana pia na ASTM F1492, kiwango cha kofia za ubao wa matairi. Hicho hupima mapigo ya kurudiarudia, ila kila pigo ni dogo zaidi. Kwa kijana anayeanguka mara kumi kwa jioni moja, kofia iliyofaulu CPSC na F1492 kwa pamoja ndiyo bora, kwa sababu inabeba pigo kubwa la siku moja na pia madogo ya kila siku.

Herufi CE, alama ya bidhaa za soko la Ulaya, peke yake hazitoshi. Lebo ya kweli ya EN 1078 inataja namba ya kiwango, jina la mtengenezaji, ukubwa kwa sentimita, uzito kwa gramu, na mwaka wa kutengenezwa. Stika yenye herufi mbili na nyota za kupendeza haikuambii kitu. Baadhi ya kofia zina tabaka jembamba la ndani, mara nyingi la manjano, linaloteleza kidogo pale kichwa kinapogonga kwa upande, limeandikwa MIPS. Ni nyongeza nzuri ukiipata. Lakini kati ya kofia yenye tabaka hilo inayocheza kichwani na isiyo nalo iliyokukaa sawasawa, chukua ya pili.

*Kupima kichwa.* Azima futi ya fundi cherehani. Izungushe juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili, ipite juu ya masikio, ifike pale kisogo kilipotokeza. Pima mara tatu uchukue namba kubwa. Ukiangukia mpakani, kwa mfano sentimita 58 wakati kofia moja ni 54–58 na nyingine 58–61, jaribu ndogo kwanza. Kubwa usiijaze kwa sponji nene ili ikae: sponji inabonyea wakati wa pigo na kofia inachezacheza palepale inapotakiwa kutulia.

Pima ukiwa na nywele utakazochezea. Misuko minene hubadilisha ukubwa kwa sentimita moja hadi mbili, na fundo la nywele utosini huinua kofia yote na kuacha paji la uso wazi. Suka ilale bapa, au fundo lishuke chini ya ukingo wa nyuma. Binti anayevaa mtandio avae mmoja mwepesi wa pamba, tabaka moja, uliotandazwa bila mikunjo, na pini yoyote iwe kifuani, kamwe isiwe chini ya kofia. Pini iliyo chini ya povu huelekea kwenye ngozi siku ya pigo. Na apime kofia akiwa na mtandio huohuo, maana hata kitambaa laini hufanya kofia iteleze zaidi.

*Kujaribu dukani.* Fanya haya kwa mpangilio, na usione haya kumchukulia muuzaji muda wake.

1. Ivae ikae bapa, si kuegemea kisogoni. Ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Ukiinua macho bila kuinua kichwa, uuone ukingo.
2. Bila kufunga mkanda, kaza gurudumu la nyuma kama lipo, kisha inama utikise kichwa polepole. Kofia isidondoke. Ukiisogeza kwa mkono, ngozi ya paji isogee pamoja nayo.
3. Mikanda ya kila upande ikutane chini ya ndewe la sikio na kutengeneza umbo la V. Ikikutana shavuni au nyuma ya sikio, rekebisha klipu ndogo za plastiki kabla ya kugusa mkanda wa kidevu.
4. Funga kidevuni. Kidole kimoja, kwa shida viwili, kipite kati ya mkanda na kidevu. Fungua mdomo kama unapiga miayo: kofia ikuvute utosi kwenda chini.
5. Weka kiganja kwenye ukingo wa nyuma usukume kwenda juu na mbele kwa nguvu. Rudia kutoka mbele kwenda nyuma. Ikivuka au ikiacha paji wazi, irudishe kabatini.

Baada ya hapo kaa nayo kichwani dakika 10 hadi 15. Mbano wa jumla ni wa kawaida. Maumivu kwenye nukta moja, kwenye paji au pembeni mwa masikio, yanasema kwamba umbo la kofia si umbo la kichwa chako, kwani vichwa vingine ni vya mviringo na vingine ni virefu. Usijidanganye kwamba itazoea. Utaishia kuiacha nyumbani.

*Kofia zisizofaa.* Ya kwanza ni ile inayouzwa kwenye mfuko mmoja na skeiti za watoto: plastiki jepesi na sponji ndani. Bonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama kama kwenye mkate, hiyo ni kofia ya mchezo wa kuigiza. Povu la kweli hukataa kidole, na unene wake ni kama sentimita 2 au zaidi. Ya pili ni kofia ya fundi ujenzi. Imetengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka utosini, si kwa kisogo kinachogonga sakafu, na mkanda wake wa kidevu, ukiwa wa kiwango cha EN 397, kwa kawaida umekusudiwa kuachia ukivutwa kwa nguvu ili fundi asinyongwe. Kwenye skeiti itakuwa imeruka kabla kichwa hakijafika chini. Ya tatu ni elementi ya bodaboda. Hii inakinga kweli, lakini ya kufunika uso ina uzito wa kilo moja na zaidi wakati kofia ya skeiti ni gramu 300 hadi 500. Inaziba masikio, na kwa joto la Januari mtoto ataivua baada ya dakika kumi.

*Kofia za mtumba na za thelujini.* Ukichambua marobota ya mitumba, au ukizunguka soko la Mgandini kwa utulivu, unaweza kukuta kofia nzuri za Ulaya, na miongoni mwao za mchezo wa kuteleza thelujini. Utaitambua kwa klipu ya nyuma inayoshika mkanda wa miwani mikubwa, pedi laini za masikio, na lebo ya EN 1077. Daraja A hufunika zaidi, masikio yakiwa ndani ya gamba gumu. Daraja B huacha masikio kwenye pedi za kitambaa. Vijana wa huko wanaoruka na kuteleza juu ya mabomba kwenye viwanja vya theluji huzivaa kwa aina ileile ya maanguko, hivyo ulinzi wake si wa bandia. Shida yake hapa ni joto. Ilijengwa kwa baridi. Ikiwa ni ya daraja B, pedi za masikio zinavuliwa, na matundu ya juu yanafunguka, inaweza kukufaa jioni. Daraja A iache kwa wenye theluji yao.

Kwa kofia yoyote ya mtumba swali ni moja: imewahi kugonga? Vua sponji zote za ndani. Tazama povu ukiwa juani, uigeuze polepole, ukitafuta ufa mwembamba kama unywele, hasa kati ya matundu. Pitisha mkono kwenye gamba utafute sehemu iliyobonyea. Bana pande mbili kwa viganja karibu na sikio lako. Mlio wa kupasuka ni povu lililokwisha achana na gamba. Soma mwaka: ikizidi miaka 5 hadi 7 tangu itengenezwe, iache, kwa kuwa huwezi kujua imelala kwenye jua kiasi gani. Mikanda iliyokatwa na kushonwa upya pia iache. Hata ikipita yote haya, povu linaweza kuwa limepondeka kwa ndani bila dalili. Kama fedha inaruhusu kitu kipya kimoja tu katika seti nzima, kiwe kofia, na mitumba uitafutie pedi.

Viganja

Mtu akianguka mbele, kiganja kinafika kwanza, mkono umenyooka, na uzito wote unapanda kwenye kifundo. Mfupa unaoteseka mara nyingi ni mdogo, upo chini ya kidole gumba. Damu huingia kwenye mfupa huu kutokea upande wa mbali, hivyo ukivunjika katikati, kipande cha pili hukosa damu na kupona kwake ni kwa taabu. Unaweza pia usionekane kwenye picha ya eksirei ya siku ya kwanza. Maumivu yakibaki kwenye kile kishimo kinachotokea chini ya gumba ukilinyoosha, rudi hospitali, mara nyingi picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Usiende kuvutwa wala kuchuliwa.

Kikinga kiganja cha skeiti kina vibao viwili vya plastiki: kimoja kiganjani, kimoja mgongoni mwa mkono. Cha kiganjani kina kazi mbili. Kinazuia mkono usipindike kwenda nyuma kupita kiasi, na kinateleza kwenye lami ili mkono using'ang'anie chini huku mwili ukiendelea kwenda. Kwa sababu hiyo usinunue chenye sponji au kitambaa tupu kiganjani, kitambaa hung'ang'ania. Kiwango cha Ulaya cha vikinga vya skeiti, kuanzia viganja hadi magoti na viwiko, ni EN 14120.

Pima mzunguko wa kiganja kwenye maungio ya vidole bila kuhesabu gumba, ulinganishe na jedwali la mtengenezaji. Kibao cha kiganjani kimepinda: upinde uelekee nje, mbali na ngozi, ili kukiwa na pigo kipate nafasi ya kubonyea. Wengi huvaa cha kulia kushoto, na kibao kinakandamiza kitako cha gumba. Kagua alama za L na R. Zisipokuwepo, tundu la gumba litakuonyesha. Funga mkanda wa kwenye kigasha kwanza, kisha wa kifundo, kwa kukaza kiasi. Vidole vikianza kufa ganzi umezidisha.

Jaribio lake ni jepesi: simama hatua moja kutoka ukutani, jiangushe kwa viganja taratibu. Kibao kipokee uzito, na mkono usifike pembe mraba na kigasha. Ukisikia ukingo wa kibao unachoma sehemu moja ya kigasha, ni kifupi mno. Tafuta kinachopanda zaidi kuelekea kiwiko.

Kwenye baiskeli vikinga hivi havifai kwa sababu havikuachi ushike usukani na breki. Hapo ni glavu za vidole vyote, ngozi au kitambaa kigumu kiganjani, mishono isiwe kwenye ncha za vidole. Glavu za thelujini ni nene mno, huwezi kuihisi breki.

Magoti na viwiko

Pedi ya skeiti iwe na gamba gumu la plastiki. Sababu ni ileile ya kiganja: gamba linateleza, nguvu inatawanyika kwa muda mrefu zaidi. Pedi ya kitambaa ikigusa lami yenye kokoto, kama zile za barabara iliyomwagiwa changarawe, inashika, goti linabaki na mwili unaenda, na hapo ndipo mishipa ya goti hupindika. Gamba liwe limefungwa kwa ribiti au limeshonewa ndani. Lililobandikwa kwa gundi tu hubanduka kwa joto.

Pima mzunguko wa paja sentimita 10 juu ya kikombe cha goti, ukiwa umesimama na mguu umelegea. Chagua zenye soksi ya kuvuta pamoja na mikanda miwili, juu na chini. Zile zenye mikanda pekee hushuka jasho likianza. Ukishavaa, chuchumaa na usimame mara 10, kisha piga magoti sakafuni ujivute mbele nusu mita. Kikombe cha goti kibaki katikati ya gamba. Pedi ikizunguka pembeni, ukubwa si wako, au mguu wako ni mwembamba kuliko waliokusudiwa. Jaribu ya watoto wakubwa kabla ya kukata tamaa.

Kwenye baiskeli gamba kubwa husugua paja kila unapopiga pedeli. Pedi laini ya kuvuta, ile yenye povu linalokuwa gumu linapopigwa, inakaa vizuri chini ya suruali. Viwiko hufuata kanuni zilezile. Hakikisha tu mkono unakunjika hadi mdomoni bila pedi kubana.

Nyonga, ugoko, meno, mgongo

Kaptula yenye pedi za nyonga na kifandugu ni ya yule aliyefika kwenye ngazi na mabomba. Mitumba ya michezo ya thelujini huwa nazo wakati mwingine na ni bei ya kawaida. Zivae chini ya bukta pana.

Kwa ugoko, kinga za mpira wa miguu zinatosha kwa kuanzia, mradi ziwe na soksi, maana pedeli yenye pini huchana ngozi hadi mfupani.

Kinga ya mgongo inahitajika unaporuka juu ya kimo cha kiuno. Tafuta EN 1621-2, ile ya waendesha pikipiki, nayo pia hupatikana mtumbani. Ianzie chini ya shingo na ikomee kiunoni, na ukiinama kofia isigongane nayo.

Meno yanastahili maneno machache zaidi. Kinga ya meno ya kuchemsha inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ngumi. Chemsha maji, epua, tumbukiza kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, mara nyingi sekunde 30, ipoze sekunde moja au mbili kwenye maji baridi, kisha uume na kufyonza huku ukibonyeza midomo kwa nje. Ikikaa vizuri haitadondoka ukifungua mdomo. Mtoto anayebadilisha meno anahitaji mpya kila meno yanapohama. Na jino zima la ukubwani liking'oka: lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lisuuze kidogo bila kusugua, lirudishe kwenye tundu lake au liweke ndani ya maziwa, na muwe kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa kama inawezekana.

Kuvaa, kisha kuanguka kwa makusudi

Vaa pedi za magoti kabla ya skeiti, la sivyo hazitapita. Kisha skeiti, viwiko, kofia, na viganja mwisho kwa sababu ukishavivaa huwezi tena kufunga kitu kingine. Kuvua ni kinyume chake.

Sasa, kabla ya kucheza, anguka. Kwenye nyasi kwanza, kisha kwenye saruji laini, mwendo mdogo: chuchumaa, magoti chini, viwiko, viganja vikiwa vimeinua vidole. Mara tano. Baada ya hapo simama ukague kila kifaa kiko wapi. Kilichohama kaza au kirudishe dukani kingali safi. Jaribio hili la dakika tano linaonyesha makosa mengi kuliko saa nzima mbele ya kioo, na linaufundisha mwili kuangukia mahali palipofunikwa.

Chumvi, jasho na jua la Tanga

Pwani huua vifaa mapema. Chumvi ya jasho na ya upepo wa bahari hula ribiti na klipu za chuma. Kila mwezi zikwaruze kwa ukucha, na kutu ikianza kumeguka badilisha. Ukicheza Raskazone au popote karibu na maji, pangusa kila kitu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Mchanga hujaa kwenye mikanda ya kunata hadi ikaacha kushika. Uchambue kwa mswaki wa zamani au kitana.

Sponji za kofia na pedi zifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, zianikwe kivulini penye upepo. Siku za masika hazikauki kwa usiku mmoja, hivyo kuwa na seti mbili za sponji kama unacheza kila siku. Unyevu uliofungwa ndani ya begi huleta ukurutu na mapunye kichwani, na kuazimana kofia hueneza mapunye. Kamwe usitumie jiki, petroli, tina wala rangi ya kupuliza kwenye kofia. Petroli na tina hulainisha gamba na kuyeyusha povu, mara nyingi bila alama kwa nje. Usiiache juu ya bati, wala ndani ya gari lililofungwa mchana.

Baada ya kuanguka

Kichwa kikiwa kimegonga, mchezo umekwisha kwa siku hiyo, hata kijana akisema yuko sawa. Kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, kusinzia kusiko kwa kawaida, kurudia swali lilelile, mboni za macho zisizolingana, kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache: yote hayo ni ya kwenda Bombo au hospitali iliyo karibu mara moja. Akilalamika shingo, asinyanyuliwe na kofia isivuliwe kwa nguvu. Mshikilieni kichwa kisitikisike hadi msaada ufike.

Pedi iliyopasuka gamba badilisha gamba, au pedi nzima kama haliuzwi peke yake. Kikinga kiganja chenye kibao kilichopinda kabisa hakirudi. Kofia ya povu jeupe iliyogonga saruji kichwa kikiwa ndani yake imemaliza kazi, hata kama inang'aa. Ikate mikanda yote kwa mkasi kabla ya kuitupa, ili mtoto mwingine asije akaiokota na kuivaa.